Mbwa Wangu Hana Kadi ya Uchaguzi

Hapa Beni, mashariki mwa Kongo, mtu aliyechoka kichwa anaruhusiwa kujitibu kwa kila kitu isipokuwa mbwa. Akijifungia kwenye chumba cha maombi siku tatu bila kula, majirani watampelekea uji wa kufungulia. Akinywa mizizi ya bibi wa Boikene, hakuna atakayeuliza ni mizizi ya mti gani. Akinunua vidonge vya usingizi kimoja kimoja kwa kijana wa duka la dawa ambaye juzi tu alikuwa anauza vocha za simu, watasema maskini, anajitahidi. Akizamia kwenye pombe ya kasiksi kila jioni, ndiyo kwanza anapata marafiki. Lakini mtu huyohuyo akitokea barabarani anaongoza mbwa kwa kamba, akasema huyu ndiye ananisaidia kulala, mtaa mzima unatikisa kichwa kwa pamoja: basi, huyu ameshaondoka.

Mtu huyo ni mimi. Zamani nilikuwa mnunuzi wa kakao: mizani, pikipiki, magunia ya kukopa, na wakulima wangu kuanzia Mbau mpaka Eringeti kando ya barabara ya taifa namba 4. Mauaji yalipoanza Oktoba 2014 niliendelea kwenda, kwa sababu kakao ikiiva imeiva, na ada ya shule nayo haisikilizi habari. Kuna siku nikitoka Oicha niliona mambo. Hayo sitayaandika. Hii ni safu ya kuchekesha, na mhariri ameniambia wazi kwamba wasomaji wake wana vilio vya kutosha majumbani. Nilirudi na mwili wangu wote, na pikipiki, na mizani. Usingizi ndio sikurudi nao.

Tangu hapo bati likidondoka kwa fundi, mimi niko chini ya meza. Pikipiki ikipiga mlio wa ekzosi, niko chini ya meza. Harusini watoto wakipasua baluni, bibi harusi ananitafuta chini ya meza anipe keki. Kanisani nakaa benchi la nyuma kabisa, mgongo ukutani, mlango nimeukodolea macho. Mke wangu anasema waumini wameshakata shauri kwamba ninakwepa kapu la sadaka. Si uongo wote.

Msaada haukukosekana, tusikufuru. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia kule Mangina, mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ikiwa imeua zaidi ya watu 2,200, mji wetu ulijaa magari meupe, na kila gari lilishusha msaada wa kisaikolojia. Tukafundishwa kupumua. Mimi nimepumua kwenye ukumbi wa parokia, nimepumua chini ya turubai, nimepumua na sukre baridi mkononi na biskuti mfukoni kwa ajili ya watoto. Mafunzo yakiisha tunapigwa picha, tunatia sahihi ya nauli, shirika linaondoka na ripoti, sisi tunabaki na pumzi.

Daktari wa akili mwenyewe, yule aliyesomea, ni wa kutafuta kwa tochi. Wengi wa nchi hii wanaishi Kinshasa, na Kinshasa kwetu ni safari ya ndege. Zipo hospitali zenye jina zuri zinazoendeshwa na mabruda wa Kikatoliki, Tulizo Letu kule Goma na Sosame kule Bukavu. Lakini tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025, safari ya barabara kutoka Beni kwenda kutibiwa hofu inahitaji mtu asiye na hofu hata kidogo. Mgonjwa hawezi kuifanya. Atabaki kuifanya mtu mzima, na mtu mzima ataenda kufanya nini huko?

Aliyenitia wazo la mbwa ni binti mmoja mwanasaikolojia, mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Aliniuliza ninalala saa ngapi. Nikamwambia nalala majogoo wakiamka. Akaandika. Akaniuliza kama kuna kitu chochote kinachonituliza. Nikamwambia kesi za watu wengine. Hakucheka, akaandika na hilo. Kisha akanieleza kwamba katika nchi nyingine watu waliotoka vitani hupewa mbwa waliofundishwa: mbwa anamwamsha mwenyewe anapoanza kuota vibaya, anasimama nyuma yake sokoni ili asihisi anaviziwa, anamlalia mapajani hofu ikipanda mpaka moyo urudi mahali pake.

“Lakini hapa kwetu, Papa, haiwezekani,” akamaliza, akafunga daftari.

Asingesema vile. Baba yangu ni Mnande wa Butembo, mji ambao wafanyabiashara wake waliujenga bila kungoja Kinshasa. Ukitaka Mnande aingie kwenye jambo la hasara, mwambie haiwezekani.

Nikaanza kuulizia. Jambo lenyewe ni la zamani kuliko nilivyodhani: shule ya kwanza ya mbwa wa kuongoza vipofu ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo mbwa wa kazi ni mtoto wa vita tangu mwanzo, na kwa kigezo hicho Beni tulipaswa kuwa na chuo kikuu chake.

Marekani ndio wameendelea zaidi. Sheria yao ya watu wenye ulemavu inasema mbwa wa huduma ni yule aliyefundishwa kazi maalumu ya kumsaidia mwenye ulemavu, na ugonjwa wa akili unahesabiwa humo. Hatakiwi cheti wala kitambulisho. Mwenye duka anaruhusiwa maswali mawili tu: mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kufanya kazi gani? Basi. Haruhusiwi hata kukuuliza unaumwa nini. Niliusoma mstari huo, nikaurudia. Hapa kwetu muuza maandazi atakuuliza unaumwa nini kabla hajakurudishia chenji, na ukimjibu anakupa namba ya mganga.

Bila shaka palipo na upendeleo hapakosi wajanja. Januari 2018, kwenye uwanja wa ndege wa Newark, msafiri mmoja alifika na tausi, akisema ndiye anayemtuliza moyo safarini. Shirika la United likamkatalia tausi yule kupanda. Mwishoni mwa 2020 serikali yao ikatoa kanuni kwamba mashirika ya ndege yanalazimika kupokea mbwa waliofundishwa tu. Wanyama wa kufariji wanaweza kuhesabiwa kama wanyama wa kawaida. Nilishangaa kelele zote hizo. Mimi nimepanda lori kutoka Kasindi nimekaa kati ya mbuzi na kuku, na hakuna aliyeuliza yule mbuzi alikuwa anamtuliza nani.

Lakini Marekani ni mbali, na mbwa aliyekamilika kule anagharimu maelfu ya dola. Kwa hela hiyo ningenunua kiwanja Butsili, nikajenga, nikalala vizuri bila mbwa. Kilichoniuma kilikuwa karibu zaidi: Gulu, kaskazini mwa Uganda. Kule kuna bwana anaitwa Francis Okello Oloya. Akiwa na miaka 12 alikuwa analima shambani, bomu lililoachwa ardhini likalipuka, akapoteza macho. Akiwa shule ya bweni, choo kilikuwa mbali, na usiku mbwa wa pale walianza kumsindikiza kwenda na kurudi. Alipokua akasomea saikolojia ya jamii, na hakuwasahau wale mbwa. Akaanzisha mradi, chini ya shirika la The BIG FIX Uganda, wa kuchukua mbwa waliotupwa, kuwachanja, kuwafundisha, na kuwapa watu walioharibiwa usingizi na vita vya Joseph Kony. Mtu na mbwa wake wanafunzwa pamoja, na mwisho wana mahafali.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Kony aliposukumwa kutoka Uganda alikuja wapi? Kwetu, Garamba, na mauaji ya Krismasi ya 2008 watu wa Haut-Uele wanayajua. Na ADF, waasi wa mauaji ya huku kwetu, walitoka wapi, miaka ile ya 1990, wakajichimbia chini ya Rwenzori? Uganda hiyohiyo. Yaani majirani zetu wametuletea waasi wa aina mbili kamili, na mbwa wa kututuliza wakabaki nao Gulu! Hata mwenye duka wa soko la Kilokwa akikuuzia gunia la unga lenye wadudu, anakuongezea sabuni.

Wala msifikiri mkoa wetu haujui thamani ya mbwa. Hifadhi ya Virunga, kule makao makuu ya Rumangabo, ilianza mwaka 2011 kufuga mbwa wa kunusa nyayo, wale wenye masikio marefu na uso wa mtu aliyefiwa, waliofundishwa chini ya daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner, ili kuwafuata majangili. Mbwa wale wana daktari, wana banda, wana walezi wenye sare. Tembo akiwindwa anatumiwa mbwa. Mnunuzi wa kakao akiwindwa na ndoto zake anaambiwa apumue.

Basi nikaamua kutafuta mbwa, na hapo nikakutana na tatizo ambalo Wamarekani hawakulitaja: kelele. Hapa Beni mbwa akibweka saa nane za usiku anatoa taarifa. Mtaa mzima unaamka na kusikiliza gizani. Amebweka upande gani? Upande wa Mayangose au upande wa mjini? Wako wangapi? Wamenyamaza taratibu, au wamenyamaza ghafla? Mbwa walionyamaza ghafla ndio wabaya kuliko wote. Watu waliolala porini na watoto wao wanaweza kukueleza kwa nini mbwa mwenye mdomo anaachwa nyumbani. Sasa mimi nilete mbwa wa kunituliza, yeye ambwekee panya, mtaa wote uvae viatu?

Nilimtaka yule asiyebweka. Tunaye. Wambuti wa msitu wa Ituri wamewinda naye tangu enzi, mbwa mdogo mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni, na kwa kuwa habweki wanamfunga kengele ya mti shingoni wajue yuko wapi. Waingereza walimwona, wakamchukua miaka ya 1930, na leo jamii yake, inayoitwa basenji, iko Ulaya na Marekani inalala kwenye makochi, ina karatasi za ukoo mpaka babu wa babu. Nilimfuata mwindaji mmoja aliyeleta nyama njiani, nikamwomba aniuzie wake. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

“Huyu ananilisha mimi na watoto,” akasema. “Wewe atakufanyia nini?”

“Atanisaidia kulala.”

Akamtazama mbwa wake, akanitazama mimi, kisha akataja bei: mbuzi watano na bati za nyumba. Naheshimu sana mtu anayejua kukataa bila kusema hapana.

Nikaishia nyuma ya wachinjaji wa Kilokwa, kwa jike mmoja mwenye sikio lililochanika na rangi ya maganda ya kakao yaliyokauka. Yeye hakutaja bei. Alinifuata kwa sababu nilikuwa na mfupa, na akabaki kwa sababu mfupa uliisha akaona mwingine unaweza kuja.

Jina nalo lilikuwa kesi. Sisi Wanande tunawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo ukisimama Boulevard Nyamwisi ukaita “Kambale!” nusu ya wanaume watageuka, na hakuna atakayefurahi kukuta ulikuwa unaita mbwa. Shemeji akapendekeza jina la cheo. Nikamwuliza kama ameshafikiri itakuwaje nikipita karibu na bariere ya askari nikapaza sauti, “Koloneli, lala chini!” Mwishowe mke wangu ndiye aliyempa jina, kwa hasira, siku aliyoulizwa na mama yake huyu mnyama ni wa nini. Akajibu, “Ni dawa ya mume wangu.” Likabaki hilo: Dawa. Tangu hapo nyumbani kwangu mtu anaweza kusema Dawa ameiba ndagala, Dawa ana viroboto, fungeni Dawa nje, na daktari akipiga simu kuuliza kama nafuata dawa, watoto wanamjibu hapana, ni yeye anayemfuata baba.

Kumfundisha kulikula ndagala nyingi kuliko familia ilivyoridhia. Nilikuwa nakaa kwenye kiti, natikisa goti kama linavyotikisika lenyewe hofu ikianza, na Dawa akileta pua kwenye goti anapata samaki mmoja. Mke wangu alikuwa anahesabu kutoka dirishani. “Huyo kala wa Jumatano,” anasema. “Sasa anaingia wa Alhamisi.” Lakini alishika. Sikujua kwamba alikuwa ameshika mpaka siku moja tuko Kilokwa, upande wa vyuma, kijana mmoja akaangusha bati zote za mkokoteni kwa mpigo. Mimi nilishaanza kwenda chini. Meza haikuwepo, ningelala kwenye nyanya za watu. Nikahisi uzito kwenye goti, pua yenye maji, halafu kidevu, halafu mwili mzima ukaegemea mguu wangu, ukakaa. Hakubweka. Aliniegemea tu, mbavu zake zinapanda na kushuka kwenye suruali yangu, na mimi nikajikuta nazifuata. Kumbe ndiyo kupumua kulekule walikonifundisha kwenye turubai, ila huyu hakutaka sahihi.

Muuza nyanya akasema, “Mzee, mbwa wako ananusa nyanya zangu, nunua.” Nikanunua.

Usiku kazi yake ni nyingine. Analala kwenye kipande cha gunia upande wa miguu. Nikianza kule kuota kwangu, kabla sijapiga kelele ya kuamsha watoto, anaweka pua kwenye kisigino. Pua ya mbwa saa tisa za usiku ni baridi isiyo na adabu. Naamka namlaani. Kisha nasikia nyumba imetulia, watoto wanakoroma, na mke wangu, anayejifanya amelala, anasema gizani, “Mpe samaki.”

Lakini nje ya nyumba, jamani, nje ya nyumba ndiko kuna ugonjwa wenyewe. Hali ya dharura tuliyowekewa Mei 2021 imetuzoesha kusimamishwa, na sikatai, usalama ni usalama. Ila kuna jioni askari mmoja mwenye bunduki na usingizi alitusimamisha kwenye bariere. Nikatoa kadi yangu ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho cha Mkongomani aliye hai. Akaiangalia. Akamwangalia Dawa.

“Na huyu, Mzee?”

“Huyu mbwa, afande.”

“Naona ni mbwa. Karatasi yake iko wapi?”

Nikaanza kumweleza habari za sheria ya Marekani na yale maswali mawili. Lilikuwa wazo la kijinga kwa saa ile. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu akasema kule ni Amerika, hapa mbwa asiye na karatasi ni wa sabuni. Nikatoa hela ya sabuni. Tulipokuwa tunaondoka akaita, “Mzee! Kweli anaamsha mtu akiota?” Nikasema kweli. Akanyamaza kidogo, akasema, “Pita,” lakini hakunirudishia ya sabuni.

Watoto wa mtaa wanamtupia mawe, na wazazi wanawatazama tu. Jirani yangu Hajji, mtu muungwana sana, alinijia na kiti chake mwenyewe ili tuongee vizuri. Akanieleza kwamba mate ya mbwa ni najisi, yakigusa chombo anatakiwa kukiosha mara saba, moja kwa udongo, na kwa bei ya maji ya mtaa huu, jirani, nionee huruma. Tukakubaliana Dawa asivuke mfereji. Mpaka leo Dawa havuki mfereji. Paka wa Hajji ndiye anayevuka kuja kwetu kuiba ndagala, na kwa kuwa paka ni msafi, sina kesi.

Mchungaji alikuja na mafuta ya upako. Alikuwa amesikia nalala chumba kimoja na mnyama na kwamba mnyama ananiongoza, jambo ambalo kwa maandishi linasikika vibaya, nakubali. Akaketi barazani, akafungua kitabu, akaanza kumwuliza pepo jina lake. Dawa akaja, akalala, akaweka kidevu juu ya kiatu chake. Mchungaji akaendelea kidogo, sauti ikashuka. Sasa, mchungaji huyu ni mtu wa Rwangoma. Aliyekuwa Beni wakati wa mauaji ya Agosti 2016 hahitaji maelezo. Akaanza kumkuna Dawa lile sikio lililochanika, na akaanza kuongea, na hakuongea habari za pepo. Aliongea mpaka taa ikawashwa, akanywa chai yetu, akala karanga zetu zote. Alipoinuka alikung'uta suruali akasema kesi hii ni ngumu, inahitaji ufuatiliaji. Sasa anafuatilia kila Alhamisi.

Na si yeye peke yake. Mama wa nyumba ya tatu, yule aliyesema kwa sauti dukani kwamba nimerogwa, mtoto wake wa mwisho hasemi vizuri tangu walipokimbia Mbau. Jioni anapita “kwa bahati,” mtoto anakaa chini na Dawa, anamsimulia mambo sikioni kwa saa nzima. Mama anatazama barabarani kana kwamba anangoja gari. Mimi ninayelisha mbwa nakaa kwenye ngazi, goti linatikisika peke yake, nangoja zamu. Ugonjwa ni wangu, mbwa ni wangu, ndagala ni zangu, na foleni ni yangu pia!

Kwa hiyo nina maombi machache, na naomba yasomwe na wanaohusika. Kwanza, chanjo. Kichaa cha mbwa hakina mzaha, dalili zikishatokea ni nadra sana mtu kupona, na dunia nzima ina siku yake ya kupambana nacho, tarehe 28 Septemba. Chanjo ya Dawa nililipa mwenyewe, ikavuka Kasindi kwenye chombo cha barafu, na bei yake ilinipeleka karibu na wazimu kuliko ugonjwa wenyewe. Siku hiyo ikifika, wanaokuja na mabango waje na sindano pia. Pili, mashirika ya magari meupe: Gulu ni siku moja na nusu kwa barabara, mpaka uko wazi, mahindi na sabuni vinapita kila siku. Mwiteni yule bwana aje atufundishe, sisi tutaleta mbwa, tunao wa kutosha nyuma ya wachinjaji. Sukre si lazima.

Tatu ni kwa madereva wa pikipiki wa rond-point, hasa yule mwenye kofia nyekundu. Dawa hakai kwenye kiti, anakaa mapajani mwangu, na amevaa kamba. Hiyo ni nauli ya mtu mmoja.